Sungura Akisaga Meno

Sungura wa binamu yangu aliamka mgonjwa Jumamosi moja asubuhi, na mtu wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Nilijua mapema, wakati umande ulikuwa haujakauka kwenye majani niliyomkatia. Sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mwaka huo nilikuwa nimeteremka kutoka kijijini kwetu, upande wa Newala, kuja Masasi kukaa kwa mjomba, kaka wa mama yangu, ili nisome shule ya mjini. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kuwepo au asiwepo, lakini mjomba akisema mtoto aje, mtoto anafunga nguo zake kwenye khanga na kupanda lori. Nilikaa juu ya magunia hadi Masasi, na mama alisimama kando ya barabara akipunga mkono hata baada ya vumbi kumfunika.

Mjomba alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi, mtu wa shati moja jeupe na kalamu mfukoni. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye korosho, aliacha chama akawa wakala wa tajiri mmoja wa Dar es Salaam. Nyumba ikabadilika haraka. Asubuhi badala ya mihogo ya kuchemsha kukawa na mkate na siagi ya kopo. Kukaingia redio kubwa ya kaseti, makochi, na biskuti za paketi ambazo mke wa mjomba alizifungia kabatini kwa ufunguo. Niliagizwa nimwite mama, nikamwita hivyo, na yeye aliniitikia kama mtu anayeitwa kwa makosa.

Binamu yangu alikuwa binti yao wa pekee, mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mdogo sana. Alitembea kwa kushika goti kwa mkono na kulisukuma nyuma kila hatua, na mkono ule ulikuwa na nguvu kama wa fundi seremala. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Alimaliza darasa la saba akachaguliwa kuendelea, lakini shule aliyopangiwa ilikuwa mbali, na mjomba alisema mbele ya watu, "Na mguu huo atafika wapi?" Akabaki nyumbani, anakaa barazani, anawatazama wapita njia na kuwasema.

Mtoto wa mjomba ni mtani wako. Mnatukanana na watu wazima wanacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Yeye alisema nguo zangu zina harufu ya moshi wa kijijini. Mimi nilisema mguu wake ni mchi uliokosa kinu. Alisema sisi wa huko juu tunaoga mara moja kwa mwezi kwa sababu maji yetu yako bondeni. Nilisema yeye hata angeishi mtoni asingefika majini. Tulitukanana hivyo kila siku, na sijui ni siku gani utani uliisha na tukaanza kuumizana kwa kudhamiria. Waliotuzunguka hawakuona tofauti.

Sungura aliletwa na Bwana Mifugo. Mtaani walimwita hivyo bado, ingawa serikali ilikuwa imempunguza kazini pamoja na wengine wengi, na baiskeli ya ofisi alikuwa ameirudisha. Alikuwa mzee mfupi mwenye mdomo mchafu. Alifuga sungura nyuma ya nyumba yake akiwauza kwa nyama, na mjomba alinunua mmoja, dume jeupe lenye macho mekundu, ili binti yake apate kitu cha kufanya. Binamu yangu alimkumbatia yule mnyama siku ya kwanza na hakumwachia hadi jioni. Alilala naye barazani, alimsuka nywele ambazo hazisukiki, alimwambia siri. Mimi nilikata ukoka, nilichota maji, nilifagia banda.

Bwana Mifugo alikuja mara moja kwa wiki kumwangalia, akanywa chai. Siku ya kwanza aliponikuta na ufagio bandani alinisimamisha.

"Wewe, mnyama huyu akiumwa anasemaje?"

"Sijui, Bwana Mifugo."

"Hasemi. Mbuzi atalia, mbwa atabweka. Sungura akiumwa ananyamaza, kwa sababu porini anayelia ndiye anayeliwa. Kwa hiyo wewe uliyeletwa hapa kufagia ndiye mdomo wake. Chuchumaa."

Nilichuchumaa. Aliokota mavi kiganjani, akapasua moja kwa ukucha mbele ya pua yangu. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyosagwa.

"Kabla hujamtazama usoni, mtazame huku nyuma. Makubwa, ya mviringo, kama gololi, na mengi: mzima. Yakiwa madogo kama punje za mtama, anza kuwa na wasiwasi. Yakishikana kwa nywele kama shanga, tumbo linakwama. Yasipokuwepo kabisa, niite haraka. Na ukichelewa usiniite. Nitakuja mwenyewe na kisu."

Akanifundisha na mengine, kila somo na tusi lake. Sungura mwenye maumivu ya tumbo hukaa amejikunja, mgongo juu, au hulaza tumbo sakafuni akilibana, kisha huinuka na kulala tena kama aliyekosa mahali. Macho huyafumba nusu. Masikio hupoa ukiyashika. Majani anayoyapenda huyanusa na kugeuza uso. Ukiweka sikio kwenye ubavu wa mzima unasikia mngurumo mdogo. Wa mgonjwa kimya, au maji yanayochuruzika peke yake. Tumbo likiwa kama unga uliokandwa unaweza kulipapasa polepole. Likiwa kama ngoma usiliguse.

"Na meno," alisema. "Kuna kusaga kwa raha, ukimkuna kichwa. Huko unakuhisi kwa vidole kuliko kukusikia. Na kuna kusaga kwa maumivu. Huko unakusikia ukiwa umesimama mlangoni, kama mtu anatafuna mchanga. Ukizichanganya sauti hizo mbili wewe ni mjinga. Sungura hatapiki, unaelewa? Mdomo wake ni mlango wa kuingilia tu."

Nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote shuleni. Nilianza kupenda asubuhi zile za bandani. Nilikuwa najua jambo ambalo hakuna mwingine nyumbani alilijua.

Siku chache baada ya Idi nilikuta mavi madogo, mengine yameshikana kwa nywele. Binamu yangu alikuwa amemlisha mkate na biskuti siku tatu mfululizo. Nilikimbia hadi kwa Bwana Mifugo pekupeku. Alikuja, akamtukana binamu yangu, akamtukana mjomba aliyekuwa hayupo, akaondoa kila kitu bandani isipokuwa ukoka na maji. Alituamuru tumtoe atembee, tumpapase tumbo, tumdondoshee maji pembeni ya mdomo kwa sindano isiyo na ncha. Tulifanya hivyo mimi na binamu yangu, magoti yetu yakigusana, tangu asubuhi mpaka alasiri. Alipodondosha vigololi vitatu, binamu yangu alilia kwa furaha akanishika mkono. Kwa muda mfupi sana nilidhani mambo yatakuwa mazuri baina yetu.

Jioni hiyo walikuja wageni wa mjomba. Binamu yangu aliwasimulia kisa chote, akamalizia, "Binamu yangu huyu darasani anapata sifuri, lakini mavi anayasoma kama gazeti." Wageni wakacheka hadi wakaweka vikombe chini. Tangu siku hiyo niliitwa Msoma Mavi, kwanza nyumbani, kisha mtaani, na kabla ya mwezi kuisha, shuleni.

Msimu wa korosho ulipoanza mama alikuja kunitazama. Alikuja bila taarifa, na kuku mmoja na kikapu cha mbaazi, na siku hiyo baraza ilikuwa imejaa watu wa mjomba wanaozungumzia magunia. Alivua viatu mbali.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za huko juu?"

"Nzuri. Ni hili tumbo tu linanisumbua kidogo. Nikasema nije, labda utanipeleka hospitali."

Mjomba alikuwa na daftari mkononi na hakuinua macho. "Sasa hivi ni msimu, dada yangu. Msimu ukipita tutakwenda. Tumbo hilo ni pilipili zenu tu." Akatoa mfukoni vidonge vya kutuliza tumbo, vile vyeupe vya kutafuna, akampa.

Mama alishukuru. Chakula kilipoletwa hakula, akasema alikula njiani, na najua njiani hakuna mahali pa kula. Alikaa mwisho wa mkeka, magoti ameyavuta kifuani, mkono mmoja ameubana chini ya mbavu, macho nusu yamefumba. Binamu yangu alikuwa na sungura mapajani. Alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti yake ya kuchekesha watu:

"Jamani mtazameni shangazi alivyokaa! Si kama sungura wangu siku ile? Wewe, Msoma Mavi, hebu mkague mama yako, utuambie kama tumbo limekwama!"

Watu walicheka. Mke wa mjomba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Mjomba alitabasamu akiwa bado na daftari. Na mama yangu naye alicheka, taratibu, akasema, "Mtoto huyu maneno yake!"

Nilichukua sahani nikaenda nazo uani. Nilisugua sufuria moja mpaka vidole vikatoka damu kwa mchanga. Hasira yangu yote ilikuwa kwa binamu yangu, kwa ile "Msoma Mavi" mbele ya mama, kwa mama kuchekwa na watu wa makochi. Katika hasira ile sikufanya jambo moja dogo ambalo lingefanywa na mtu yeyote mwenye akili zake: sikurudi barazani kumtazama mama yangu amekaaje.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza kwenye lori. Alichukua muda mrefu kupanda. Utingo alimvuta mkono, naye akasimama na mguu mmoja kwenye tairi, amefumba macho, watu wakimngoja. Niliona aibu. Niliangalia khanga yake iliyopauka na nikaomba lori liondoke kabla mtu wa shuleni hajapita.

Wiki moja baadaye mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yamejaa kila mahali. Masasi nzima ilinuka ule utamu wake mkali, chini ya mikorosho yamelala mekundu na ya manjano, mengine yameshaanza kuchacha. Ijumaa mchana kutwa binamu yangu alimlisha sungura mabibo. Yule mnyama aliyapenda mno. Alitafuna na maji yakimchuruzika kidevuni, na binamu yangu alicheka kila alipodai jingine.

Jumamosi asubuhi nilikwenda bandani na ufagio. Sakafu ilikuwa safi. Palikuwa na mavi machache ya jana, makavu, pembeni. Ya usiku hayakuwepo. Alikuwa amelaza tumbo sakafuni, amelibana. Aliinuka, akahamia pembe nyingine, akalala vilevile. Nilimshika masikio, ya baridi. Nilimwekea ukoka wenye umande, akanusa, akageuza uso. Nikiwa bado mlangoni nilisikia meno: kama mtu anatafuna mchanga.

Nilifagia banda. Nilifunga mlango. Nilienda kuosha vyombo.

Sikupanga. Ningependa kusema nilipigana na nafsi yangu, lakini sikupigana. Nilihisi utulivu fulani, kama mtu aliyeshika kitu kizuri mfukoni ambacho wengine hawakijui. Nilipika chai nikiwa nao. Nilikata mkate nikiwa nao.

Karibu saa nne binamu yangu alimtoa akamweka mapajani.

"Mbona hali?" aliniuliza.

"Joto," nilisema.

"Mbona anasaga meno?"

Aliuliza kweli. Hakuwa na utani. Mara moja tu katika siku zote zile aliniuliza kama mtu anayemuuliza anayejua, na mimi nikamtazama usoni nikamjibu:

"Anafurahi. Sungura akifurahi husaga meno. Bwana Mifugo alisema."

Uso wake ukachanua. Akaanza kumkuna kichwa, na yule mnyama akazidi kusaga kwa maumivu, na yeye akazidi kukuna kwa furaha. "Ananipenda," alisema. "Sikia anavyonipenda." Nilisimama pale nikasikiliza.

Alasiri Bwana Mifugo alipita njiani na jembe begani. Nilikuwa naanika nguo.

"Mgonjwa wangu wa mabiskuti hajambo?"

"Hajambo," nilimjibu.

"Mavi?"

"Kama gololi."

Akaenda zake. Nilibaki na nguo mbichi mkononi, na nikaelewa kwamba kabla ya jibu lile ningeweza kusema sikujua, na baada yake nisingeweza.

Jumapili tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Hapo hata mke wa mjomba aliona. Binamu yangu alimshika akampapasa, jambo ambalo kwa tumbo la namna ile halifanywi, na mimi nilijua halifanywi, na sikumzuia. Alimtilia maji mdomoni kwa kijiko yakatoka yote. Alimwita kwa jina lake. Kabla ya adhuhuri sungura alijinyoosha, akatupa kichwa nyuma, akalia. Wengi waliofuga sungura maisha yao yote hawajawahi kusikia sauti ile. Ni kama ya mtoto mchanga. Alilia mara moja, akafa akiwa mikononi mwake.

Binamu yangu hakupiga kelele. Alikaa na maiti ile mapajani, mguu wake mbaya umenyooka mbele, na alisema tu, "Lakini alikuwa anafurahi. Jana alikuwa anafurahi."

Bwana Mifugo aliitwa. Alikuja na kisu kama alivyoahidi. Alimpasua juu ya gunia uani, sote tukiwa tumesimama, akatuonyesha: tumbo limejaa uji wa mabibo uliochacha na upepo, na mbele zaidi utumbo mtupu, umesinyaa. Alinusa vidole vyake.

"Hili si la leo," alisema. "Hili lilianza Ijumaa usiku. Jana asubuhi banda lilikuwa tupu." Akageuka kwangu. "Wewe jana uliniambia kama gololi."

Nilitazama lile gunia lenye damu.

"Nilikufundisha mimi mwenyewe. Hukuchanganya." Akafuta kisu kwenye gunia, akawaambia wote bila kupandisha sauti, na bila tusi hata moja, "Huyu mtoto alijua."

Mke wa mjomba alinipiga kwa mti wa ufagio mpaka ukavunjika, akaenda kutafuta mwingine. Mjomba alisema mnyama ni mnyama, atanunua mwingine, akauliza chakula kiko wapi. Binamu yangu ndiye aliyesema, "Muacheni." Alisema bila kunitazama. Mama yake akaniacha.

Nilingoja matusi yake. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na majibu. Hayakuja. Hakuniita Msoma Mavi tena, wala mtani, wala kwa jina langu. Nikimpa sahani aliipokea. Nikimsalimu alitikisa kichwa. Sungura wa pili aliponunuliwa alimrudisha mwenyewe kwa Bwana Mifugo, akikokota mguu jua kali, sanduku begani. Nyumba ile, iliyokuwa imejaa maneno yetu makali, ikawa na sauti ya redio tu. Niliishi hivyo miezi miwili, na ningetoa kitu chochote kutukanwa.

Kisha dereva mmoja akaleta habari kwamba mama yangu yuko kitandani. Mjomba bado alikuwa na msimu wake, akanipa nauli nikapanda peke yangu.

Nilimkuta mama amelala ubavu, juu ya kitanda cha kamba, ndani ya nyumba yetu. Magoti yalikuwa kifuani. Alijigeuza, akalala upande mwingine, akajigeuza tena. Bibi alimletea uji, akaunusa, akageuza uso. Nilimshika masikio kabla ya kumshika mkono. Sijui mtu mwingine duniani aliyewahi kumsalimu mama yake hivyo. Yalikuwa ya baridi. Nikiwa pale mlangoni, kabla hata sijaingia, nilikuwa nimeshasikia meno.

"Tangu lini, mama?"

"Siku nyingi, mwanangu. Toka kabla sijaja kwenu. Nilidhani mjomba wako ataona."

Tulimpeleka hospitali kwa machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana. Wakati huo hospitali ilikuwa imeanza kutaka malipo, na bibi aliuza mbuzi. Madaktari walimfungua, wakatazama, wakamshona tena. Mganga mmoja, kijana mpole, alinieleza kwamba uvimbe umekwisha kusambaa, na kwamba kama angeletwa mapema kidogo pengine wangejaribu. Alisema pengine. Mama alikaa siku kumi na mbili akafa asubuhi, akiwa ameniomba nimfunike miguu.

Watu wa Masasi walikuja msibani kwa lori. Mjomba alilia sana, kwa sauti, akashikiliwa na watu. Mke wake alileta mchele. Binamu yangu alishushwa kwa kubebwa, na alipoweka mguu chini alikataa kushikwa, akaja moja kwa moja nilipokaa na wanawake, akaketi kando yangu kwenye mkeka. Wanawake wengine walipoinuka kwenda jikoni tukabaki wawili, akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili ile.

"Shangazi nilimwona siku ile."

"Najua. Ulimcheka."

"Nilimcheka, ndiyo. Mimi sijui kusema kitu bila kucheka, watu hawanisikilizi. Lakini niliona, na nikasema, mbele ya baba na watu wote. Wewe ulikuwa unazijua hizo dalili kuliko mimi, na ulikwenda kuosha masufuria."

Nilitaka kumwambia kwamba si haki. Nilitaka kumkumbusha vile watu walivyocheka.

"Mimi nilisema," alirudia. "Wewe ulinyamaza. Mara mbili."

Akainuka kwa mkono wake ule wenye nguvu, akaenda kukaa na wengine.

Sikurudi Masasi. Mjomba hakuniita, na mwaka uliofuata yule tajiri wa Dar es Salaam aliacha kuja, magari yakakoma, makochi yakauzwa, na mjomba akawa mtu wa kukaa barazani mwenyewe. Mimi nilimaliza darasa la saba huku juu, nikaolewa nikiwa na miaka kumi na nane na mkulima wa upande wa Tandahimba, nikazaa wanne. Nimewahi kufuga sungura. Hakuna aliyenifia kwa tumbo. Majirani huniletea wao, na huwa nachuchumaa nawatazama mmoja mmoja, na majirani husema nina mkono mzuri, nami huwaacha waseme. Watoto wangu wakilala nilikuwa nikisimama mlangoni nasikiliza meno yao. Mume wangu aliona ni wazimu, na baadaye akazoea.

Binamu yangu alifungua duka la nguo za mitumba karibu na stendi ya Masasi na akafanikiwa kuliko baba yake alivyowahi kufanikiwa. Hakuolewa. Tulikutana misibani na harusini, tukasalimiana. Watu waliojua kwamba sisi ni watani walitungoja tuanze, na hatukuanza.

Binti yangu wa kwanza alipochaguliwa sekondari ya kutwa pale Masasi sikuwa na mahali pengine pa kumweka. Nilituma ujumbe, na jibu likarudi: aje. Nikampeleka mwenyewe. Binamu yangu alikuwa amekaa mlangoni mwa duka katikati ya marobota ya nguo, amenenepa, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Binti yangu alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu sana." Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyowahi kumtazama mama yangu. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Kisha akamwambia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, na mimi nimesimama pale pale na begi la mtoto mkononi:

"Hapa chakula kipo, vitabu tutanunua. Jambo moja tu. Ukiumwa, hata kidogo, uniambie mimi. Usimwambie mama yako."

Mtoto alinitazama, akadhani ni utani, akangoja nicheke. Niliweka begi ndani ya mlango, nikamuaga mwanangu, nikaenda kutafuta gari la kupanda juu.